Kitufe hakijui herufi: kwa nini ng'ombe hugeuka ngómbe

Niliazima kompyuta ya shemeji yangu kumalizia kazi ya kuchapa, na mstari wa pili tu mambo yakaharibika. Nilibonyeza n, nikabonyeza g, nikabonyeza ritifaa, kwenye skrini hakikutokea kitu. Nikabonyeza o, papo hapo ikaruka ó, ile o yenye mkuki kichwani. Ngómbe. Nikafuta, nikarudia taratibu kama anayemfundisha mtoto kuandika. Ngómbe tena. Nikajaribu ng'ambo, ikatoka ngámbo. Ng'ang'ania ikatoka ngángánia, mikuki miwili kwa neno moja.

Wazo la kwanza la mtu yeyote hapo ni kwamba kibodi imekufa. Nilikaribia kuipindua niikung'ute vumbi. Lakini kibodi ilikuwa nzima kabisa, na ilikuwa ikifanya kile ilichoagizwa.

Kitufe hakitumi herufi. Kile kilicho jirani na Caps Lock, ambacho kwenye kibodi nyingi kimeandikwa A, kikibonyezwa hutuma namba. Kwa kanuni za USB namba yake ni 4, basi. Kwenye kibodi ya Kifaransa mahali hapohapo pameandikwa Q, na kitufe hicho nacho hutuma 4 ileile. Anayeamua kwamba 4 ni a au ni q ni mfumo endeshi, kwa kutazama jedwali linaloitwa mpangilio wa kibodi. Herufi iliyochorwa juu ya plastiki ni ya macho yako tu, kompyuta haiioni. Unaweza kung'oa vitufe vyote ukavipanga upya kwa mfuatano wa alfabeti, na bado ukibonyeza mahali palepale utapata herufi ileile ya jana.

Baada ya mpangilio kuipa namba ile herufi yake, herufi huhifadhiwa kwenye faili kama namba nyingine, na mwishowe fonti huichora. Kwa hiyo herufi hupita mikono minne kabla hujaiona: kitufe, mpangilio, hifadhi na fonti. Karibu kila kero ya herufi za kigeni ni ya mkono mmojawapo, na dawa ya mkono mmoja haitibu mwingine. Nimeona watu wakibadilisha fonti kumi kutibu ugonjwa wa mpangilio, na wengine wakinunua kibodi mpya wakati faili ndilo lililofunguliwa vibaya.

Ugonjwa wa ng'ombe wangu ulikuwa wa mpangilio. Kompyuta ile ilikuwa imewekewa mpangilio wa Kimarekani wa kimataifa, ambao ndani yake ritifaa ni kitufe kifu. Usikimbilie kuzika: ni kama maji mafu, ambayo hayajafa ila hayasukumi. Jina limetoka kwenye taipureta. Kwenye mashine ile kila kitufe kiligonga karatasi kisha karatasi ikasogea hatua moja. Kitufe cha alama ya mkuki kiligonga bila kusogeza, ili e itakayofuata ipigwe palepale, chini ya mkuki. Kompyuta imeurithi utaratibu huo: ukibonyeza kitufe kifu inanyamaza, inasubiri ione utamwekea nani. Ikija irabu, inaunganisha: ' na e huzaa é, " na u huzaa ü, ~ na n huzaa ñ. Ikija c baada ya ritifaa, unapata ç. Ikija herufi isiyoweza kuvaa alama hiyo, zote mbili hutokea kama zilivyo, na ukitaka ritifaa peke yake unabonyeza ritifaa kisha kitufe cha nafasi.

Kwa mwandishi wa Kifaransa au Kireno mpangilio huo ni neema. Kwa Kiswahili ni mtego, kwa sababu ritifaa yetu ya ng' karibu kila mara hufuatwa na irabu, yaani kitu kilekile ambacho kitufe kifu kinakingojea. Mwingereza anayeandika don't hatajua kwamba kuna tatizo. T haivai mkuki.

Tiba ni kubadilisha mpangilio, na si lazima uufute ule mwingine. Windows, Mac na Linux zote hukubali mipangilio mingi kwa wakati mmoja. Kwenye Windows unashika kitufe cha Windows na kubonyeza nafasi, na mpangilio unahama. Kifupisho chake huonekana pembeni mwa saa, chini kulia. Nadhani watu wengi waliokasirishwa na kompyuta "iliyoanza kuandika ovyo" walibonyeza mchanganyiko huo bila kujua.

Sasa, mtu anayehitaji herufi ngeni hahitaji dawa sawa na jirani yake. Anayetaka é moja kwa mwezi hana haja ya kujifunza mpangilio mpya. Kwenye Mac ashikilie e kwa sekunde, kijisanduku cha é, è, ê na wenzake kitajitokeza. Au ashike Option abonyeze e, aachie, abonyeze e tena. Kwenye Windows, kitufe cha Windows pamoja na nukta hufungua dirisha ambalo wengi hulijua kwa emoji, lakini lina alama za hesabu, za fedha na herufi zenye vikorombwezo, yaani alama za juu au chini ya herufi. Kwenye Word unaandika 00E9, namba ya é kwa hesabu ya tarakimu kumi na sita, kisha unabonyeza Alt na X, namba inageuka é.

Anayezihitaji kila siku lakini katika lugha tatu nne tofauti, mimi namshauri Compose. Ni mtindo wa Linux: unateua kitufe kimoja usichokitumia, mara nyingi Alt ya kulia, kisha unachora herufi kwa vipande. Compose, halafu ' na e, unapata é. Compose, o na c, unapata ©. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kukariri namba. Unajiuliza tu herufi ile imeundwa na nini. Na ritifaa inabaki ritifaa, ng'ombe hapati mkuki mpaka uombe mwenyewe.

Halafu kuna ile njia ya wakongwe: kushika Alt na kupiga namba kwenye sehemu ya tarakimu upande wa kulia. Alt na 0233 hutoa é. Alt na 130 nayo hutoa é. Lakini Alt na 233, bila sifuri, kwenye Windows iliyowekwa kwa Kimarekani hutoa Θ, herufi ya Kigiriki. Sifuri moja tu, na umehama bara. Kisa chake ndicho kinachoeleza mkono wa tatu, wa hifadhi.

Mwaka 1963 Wamarekani walitoa ASCII, jedwali la nafasi 128, na toleo lile la kwanza halikuwa hata na herufi ndogo. Zilikuja na marekebisho ya 1967. Likatosha Kiingereza, na kwa bahati likatosha Kiswahili pia, maana alfabeti yetu haina kikorombwezo. Wafaransa, Wagiriki na Warusi hawakuwa na bahati hiyo. Kwa hiyo kompyuta zilipoanza kutumia nafasi 256, kila kampuni na kila nchi ilijaza zile 128 za juu kivyake. Kompyuta za DOS, mfumo uliotangulia Windows, ziliiweka é kwenye namba 130. Windows ilipokuja na jedwali lake iliiweka 233, na ili wateja wa zamani wasipotezwe, ikaachia namba zisizo na sifuri zifuate jedwali la DOS na zenye sifuri zifuate jipya. Ndiyo maana hadi leo unapiga sifuri isiyo na maana yoyote ya hesabu.

Unicode ilikuja kumaliza fujo hiyo. Toleo lake la kwanza lilitoka 1991, na wazo ni moja: kila herufi ya kila maandishi duniani ipewe namba yake, isigombaniwe na nyingine. Toleo la 16 la mwaka 2024 lina herufi 154,998, na nafasi zote zilizotengwa ni 1,114,112. Weka hizo mbele ya kibodi yenye vitufe 104 ndipo utaona kwa nini kuchapa herufi ngeni hakutakuwa kamwe jambo la kitufe kimoja.

Namba hizo huhifadhiwa kwa mtindo uitwao UTF-8, ambao Ken Thompson na Rob Pike waliubuni mwaka 1992. Herufi za ASCII hukaa baiti moja, yaani nafasi moja ya hifadhi, kama zamani, nyingine huchukua mbili, tatu au nne. Hapo ndipo panapozaliwa ule uchafu ambao kila anayepokea mafaili ya watu ameuona. Chukua ng’ombe mwenye ritifaa iliyopinda. Ritifaa hiyo huhifadhiwa kwa baiti tatu. Programu ikifungua faili ikidhani limeandikwa kwa jedwali la zamani la Windows, itasoma kila baiti kama herufi inayojitegemea, na utapata ngâ€™ombe. Ukiona Ã na © zimeshikana, kaa ukijua palikuwa na é. Hakuna kilichopotea: faili ni zima, msomaji ndiye amekosea jedwali. Lifungue upya ukiteua UTF-8, na ng'ombe atarudi zizini. Usianze kusahihisha neno kwa neno, na zaidi ya yote usilihifadhi likiwa hivyo, kwa sababu hapo uchafu unakuwa ndio maandishi rasmi.

Nimetaja ritifaa iliyopinda, na hapa inabidi nikae kidogo, maana ni kero yetu wenyewe. Kitufe kilekile kwenye kibodi hutoa ritifaa iliyonyooka, namba 0027 ya Unicode. Word huigeuza kimyakimya kuwa iliyopinda, 2019. Na ipo ya tatu, 02BC, iliyotengwa kwa lugha ambazo ritifaa ni sehemu ya herufi na si alama ya uandishi. Kimantiki ng' yetu ingestahili hiyo ya tatu, kwani ni sauti moja na ritifaa haikati chochote. Kwa vitendo sijaona kibodi ya kawaida inayoitoa, wala sioni haja ya kuipigania. Kinachoumiza ni kuchanganya. Orodha ya Excel iliyokusanywa na watu wawili, mmoja akitumia iliyonyooka na mwingine akinakili kutoka Word, itakuonyesha jina lilelile mara mbili kwenye kichujio, na jicho halitaona tofauti. Tena iliyonyooka ndiyo ambayo lugha za hifadhidata huitumia kufungia maneno, kwa hiyo fomu iliyotengenezwa kizembe humwambia mwenye jina la Ng'ang'a kwamba jina lake si sahihi. Jina ni sahihi. Fomu ndiyo mbovu.

Kwenye ujumbe mfupi wa simu iliyopinda ina gharama nyingine. SMS huchukua herufi 160 mradi zote ziwe kwenye jedwali lake dogo. Ritifaa iliyonyooka imo, iliyopinda haimo. Ng’ombe mmoja tu mwenye ritifaa iliyopinda hulazimisha ujumbe mzima uhame jedwali, na nafasi zinashuka hadi 70. Anayeandaa ujumbe wa watu elfu kwenye Word kisha akaunakili atashangaa kwa nini kila mmoja umehesabiwa kuwa mitatu.

Sura moja, namba mbili: mchezo huu upo kila mahali. Hata é ina njia mbili halali. Inaweza kuwa herufi moja, 00E9, au e ya kawaida ikifuatwa na alama ya mkuki, 0301, inayopanda juu ya herufi iliyoitangulia. Kwa macho ni kitu kimoja. Kwa programu isiyo makini ni maneno mawili tofauti, na utatafuta faili ambalo unaliona lakini kompyuta inakwambia halipo. Kiromania kina ş yenye mkia na ș yenye mkato chini. Ya pili ndiyo yao, lakini Unicode iliitenga kivyake mwaka 1999 tu, hivyo kabla ya hapo watu waliandika kwa ile yenye mkia, na maandishi ya aina zote mbili yanaishi pamoja hadi leo. Kisirili, maandishi ya Warusi, kina а inayofanana na a yetu kama pacha, namba yake 0430, na matapeli huipenda: huiweka kwenye anwani ya tovuti badala ya a ya kweli, nawe unaingiza nywila kwenye mlango wa mwizi.

Zile alama za kupanda ndizo mkombozi wa lugha zilizosahauliwa wakati herufi zilizounganishwa tayari zikigawiwa. Kikuyu kilibahatika: ĩ na ũ zimo kila moja ikiwa na namba yake. Kiyoruba kina ẹ yenye nukta chini, nayo imo, lakini ikiongezwa alama ya toni juu, ẹ́, haina namba yake peke yake. Ni lazima iundwe kwa herufi na alama. Na kitufe kifu cha Windows kinaweza kuzaa namba moja tu kwa mara moja, hakiwezi kutoa mbili. Kwa hiyo mipangilio ya lugha kama hizo hugeuza utaratibu: unaandika herufi kwanza, alama baadaye. Aliyezoea mkuki kwanza atajikwaa siku mbili tatu kisha atauona huu ndio wenye akili, kwa sababu ndivyo tunavyoandika kwa kalamu. Programu ya bure iitwayo Keyman ina mipangilio ya lugha nyingi sana za namna hii, na usipoipata yako unaweza kuitunga mwenyewe.

Ukitoka kwenye herufi za Kilatini, ugumu hauongezeki kwa mpangilio unaodhania. Kirusi ni rahisi kabisa: ni alfabeti tu, kila herufi na kitufe chake, unabadilisha mpangilio unaandika. Taabu yake ni kusahau kubadilisha. Mrusi aliyetaka kuandika привет, yaani hujambo, akasahau, skrini humwonyesha ghbdtn, na Warusi wengi huisoma bila kusita.

Kiarabu kinatisha kwa sababu herufi hubadilika sura ikiwa mwanzo, katikati au mwisho wa neno, au ikiwa peke yake, na mtu hudhani atahitaji vitufe vinne kwa kila moja. Hapana. Unabonyeza ع moja tu. Fonti, kwa kutazama majirani, ndiyo inayochagua sura. Kuhusu kwenda kulia kushoto, faili huhifadhi herufi kwa mfuatano uliozibonyeza, na programu ndiyo inayozipanga upande unaotakiwa. Kinachochanganya ni kuingiza neno la Kilatini au namba katikati: kishale huruka upande usioutarajia. Tarakimu zenyewe husomwa kushoto kwenda kulia hata ndani ya sentensi ya Kiarabu, hivyo kishale hakijarukwa na akili, kinafuata kanuni mbili kwa mstari mmoja.

Kikorea ndicho kinachonifurahisha kuliko vyote. Herufi zake hujengwa katika vyumba vya silabi, na Unicode ina vyumba 11,172 vilivyojengwa tayari, ila wewe unabonyeza konsonanti kwa mkono wa kushoto na irabu kwa wa kulia. Kwa vitufe vyetu, g ni ㅎ, k ni ㅏ, s ni ㄴ. Bonyeza g, k, s: mbele ya macho yako vinapandana kuwa 한. Sasa ongeza k nyingine. Kompyuta inatambua kwamba irabu haiwezi kukaa bila konsonanti, inaing'oa ㄴ kwenye chumba cha kwanza na kuihamishia cha pili: 하나, yaani moja. Hakuna aliyeiagiza, inajua sarufi ya silabi.

Kichina na Kijapani havina mpangilio wa kibodi unaoweza kutosha, kwa hiyo kati ya kitufe na skrini hukaa programu inayokisia. Mjapani huandika kawa kwa herufi za Kilatini, inageuka かわ, anabonyeza nafasi, anapewa achague: 川 ni mto, 皮 ni ngozi. Mchina huandika ma akapewa orodha yenye mama, farasi, katani na matusi, ingawa akiandika sentensi nzima programu mara nyingi hukisia sawa bila kuulizwa. Wapo wasiopenda kutegemea matamshi. Wao hutumia njia kama Cangjie, iliyobuniwa na Chu Bong-Foo mwaka 1976, ambayo huvunja herufi kwa umbo: 明, mwangaza, ni jua na mwezi, hivyo unabonyeza kitufe cha jua na cha mwezi.

Mkono wa nne, fonti, hauhitaji maneno mengi. Ukiona visanduku vitupu □□□, herufi imefika salama ila fonti haina picha yake. Weka fonti ya lugha hiyo, familia ya Noto ya Google ilitengenezwa kwa shida hiyohiyo. Ukiona �, alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi, programu imekutana na baiti isiyoweza kuisoma. Jaribu kulifungua faili kwa jedwali jingine. Lakini ukiona alama za kuuliza za kawaida, ??????, mahali palipokuwa na maandishi ya Kiarabu au Kirusi, hapo kuna programu iliyohifadhi kwa jedwali lisilo na herufi hizo, ikaweka ? badala ya kila moja. Hayo hayarudi. Omba nakala ya awali kwa aliyekutumia.

Nilipomrudishia shemeji kompyuta yake nilikuwa nimeongeza mpangilio wa Kimarekani wa kawaida, ule wa ritifaa hai, na ule wake nikauacha ulivyo, kwani yeye huandikiana na wateja wake kwa Kireno. Nilisahau kitu kimoja tu, kuurudisha ule wake uwe ndio unaotumika. Jioni alinitumia ujumbe: "Shemeji, umeifanya nini mashine yangu? Naandika não inatoka n~ao." Nikamjibu ashike kitufe cha Windows abonyeze nafasi.